Jinsi Nilivyomgeuza Mwanamke Aliyetoa Moto

Hadithi ile inayosomwa shuleni sikuitunga mimi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeulizwa na wanafunzi, na walimu wenzangu, na mara moja na mtangazaji wa redio aliyekuwa na mafua, kama yale mambo yaliwahi kutokea. Kila mara nimejibu kwa sauti niliyotoka nayo chuo kikuu pamoja na cheti: "Wahusika wote ni wa kubuni." Ni sauti nzuri sana. Humfanya aliyeuliza aone aibu kwa kuuliza.

Wahusika hawakuwa wa kubuni. Nilipewa wote na bibi yangu mzaa mama, pamoja na sababu zao na makosa yao, tukiwa tumekaa uwanjani tunabangua karanga. Mimi nilibadilisha kitu kimoja tu. Aliyetenda wema nilimpa ubaya, na aliyetenda ubaya nilimpa wema, kwa kuwa huyo wa pili alikuwa bibi yangu. Kwa kazi hiyo nikaitwa mwandishi.

Niyaeleze kwanza kama nilivyopewa.

Ilikuwa miaka ya thelathini, upande wa Kishapu. Bibi alikuwa hajamaliza miaka miwili ya ndoa, na mtoto wake wa kwanza, ambaye ndiye mama yangu, alikuwa bado hajakaza shingo. Babu hakuwepo. Habari za dhahabu ya Geita zilikuwa zimefika mpaka kwenye malisho, na vijana walikuwa wakiondoka kwa miguu kwenda kuchimba katika mashimo ya Wazungu. Babu aliondoka mimba ikiwa kubwa, akasema kiangazi kikianza atakuwa nyumbani. Kiangazi kilianza kwa wakati wake. Babu hakuwa na tabia hiyo.

Kiangazi cha miaka ile kilikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyeikwepa. Pori lilikuwa limejaa mbung'o, na mbung'o walikuwa wakimaliza ng'ombe, kwa hiyo kila mwaka watu wote walitolewa kwenda kufyeka. Kila kaya ilipimiwa kipande chake. Kipande kimoja kikiachwa, mbung'o hukaa humo humo wakingoja ng'ombe wapite, na wote waliofyeka kulia na kushoto wanakuwa wamechubuka mikono bure. Mwaka ule kipande kimoja kilibaki kichaka. Kilikuwa cha babu.

Bibi alijaribu. Alikwenda siku mbili na shoka la mumewe, mtoto mgongoni, akaangusha miti midogo michache. Siku ya tatu mtoto akashikwa na homa, naye akabaki nyumbani. Asubuhi iliyofuata alikuja nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana wa kazi, akiwa na vijana wake. Hawakuingia. Walisimama kwenye lango la ua wa minyaa, na yule mkubwa akatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani kwamba nyumba hii imenyimwa moto.

Msomaji wangu anayewasha jiko kwa kugeuza kitufe anisamehe nikieleza. Kunyimwa moto ni kutengwa. Hakuna atakayekusalimia wala kuitikia salamu yako. Hakuna atakayekanyaga uwanja wako, kwa shida wala kwa furaha. Na moto wako ukizimika, hakuna wa kukupa kaa. Adhabu hiyo ingeendelea mpaka babu arudi, afyeke kipande chake, na akichinjie kijiji ng'ombe. Viberiti vilikuwepo duniani, ila duka lilikuwa mwendo wa nusu siku, na hakukuwa na mtu wa kumwachia mtoto mgonjwa na ndama. Kupekecha moto ilikuwa kazi ya wanaume, na mwanamume wa nyumba ile alikuwa ndani ya shimo Geita.

Kwa siku kadhaa bibi aliulinda moto wake kama mtu anayelinda mgonjwa. Halafu mchana mmoja usingizi ukamshinda. Alipoamka, alikuta majivu.

Jirani yake alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye pengo la jino la mbele, ambaye alizoea kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mwanamke huyo alipita mchana kweupe akiokota mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia, kapu kiunoni, kama wanawake wote walivyofanya kiangazi. Alipofika kwenye ua wa bibi alidondosha bonge moja chini ya mnyaa, akaendelea na safari yake bila kugeuka. Ndani ya bonge lile mlikuwa na kaa jekundu. Bibi alilichukua kwa sufuria. Usiku ule mtoto alilala karibu na moto. Baridi ya Juni ya kwetu si ya mzaha.

Jirani alifanya hivyo kila moto ulipozimika, karibu mwezi mzima. Hawakusalimiana hata mara moja.

Lakini moto una moshi. Nsumba ntale alirudi akasimama palepale langoni, akauliza kaa limetoka wapi. Alimwambia bibi kwamba akimtaja aliyempa, atafunguliwa siku hiyo hiyo, na deni la kazi atabaki nalo mumewe. Asipomtaja, ng'ombe watapelekwa kwa mkwewe, naye atarudishwa kwao na mtoto wake.

"Nikamtaja," alisema bibi. Akapuliza maganda ya karanga kwenye ungo, akanitazama. "Hii usimpe mtu."

Aliishia hapo. Sikumuuliza kilichofuata, kwa sababu nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimeshapata nafasi ya chuo kikuu, na nilidhani hadithi ikifika kilele imekwisha.

Chuoni nilijifunza kwamba hadithi fupi ni lazima iwe na mgogoro, na kwamba migogoro iko ya aina zake: mtu na mtu mwenzake, mtu na jamii, mtu na nafsi yake. Niliipenda elimu hiyo. Nilikuwa msichana niliyetoka mahali ambapo watu hugombana bila kupangwa, na sasa nilikuwa na visanduku vya kuwaweka. Tulipoambiwa tuandike hadithi zetu wenyewe, niliandika ile ya bibi kama alivyonipa, nikavunja agizo lake ndani ya jioni mbili. Mhadhiri aliirudisha na swali moja pembeni kwa wino mwekundu: "Msomaji amchukie nani?"

Ningeweza kumjibu kwamba ndiyo maana nimeiandika. Jibu hilo lilinijia miaka kumi na tano baadaye nikiwa najipaka mafuta. Wakati ule niliona aibu ya mwanafunzi aliyekosea hesabu. Tena kulikuwa na mama, ambaye kila nilichoandika alikisoma na kukipeleka kanisani kuonyesha watu. Je, asome kwamba alikua kwa moto uliolipiwa kwa jina la mtu?

Kwa hiyo niligeuza. Mwanamke mwenye kapu nikamfanya bibi yangu, mwembamba, mpole, mwenye macho ya huruma ambayo bibi hakuwahi kuwa nayo. Aliyenyimwa moto, akapewa, akamtaja aliyempa, nikamfanya yule jirani. Na hapa ndipo uvivu wangu ulipojionyesha. Matendo niliyabadilisha, lakini sura sikuibadilisha. Pengo lilikuwa zuri mno kuliacha. Kile kicheko cha kuziba mdomo kwa kiganja kilimfaa msaliti kama vile kilishonwa kwa kipimo chake. Nikaviacha vyote kwake, pamoja na mawe makubwa yaliyopandana nyuma ya nyumba yake, ambayo mpaka leo yapo.

Mtoto mchanga nilimtoa kabisa. Nilimwonea haya.

Nilipata A. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bado inanifurahisha kidogo, na hiyo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Baadaye hadithi ikaingia katika mkusanyo, mkusanyo ukaingia shuleni, nami nikaajiriwa Shinyanga kufundisha fasihi. Ikawa kwamba nalipwa mshahara kusimama mbele ya watoto wa watu na kuwaeleza dhamira ya uongo wangu. Dhamira yenyewe ilikuwa usaliti. Nilikuwa naiandika ubaoni kwa herufi kubwa na kuipigia mstari. Bibi alikuwa ameshafariki. Alikufa akijua kwamba mjukuu wake ameandika kitu kuhusu moto, na kwamba ndani yake yeye ni mtu mwema. Hakuniuliza lolote. Alipunguza tu kunisimulia mambo.

Miaka ikapita hivyo, mpaka Jumamosi moja mwanamke mmoja alipobisha mlangoni kwangu. Alikuwa amenizidi umri kwa kiasi cha kutosha, mnene, kitenge kikiwa na vumbi jekundu la barabara ya Geita.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa kitabu?"

"Kitabu gani, mama?"

"Kwani viko vingi?"

Havikuwa vingi. Nilimkaribisha, nikaagiza soda. Alisema ametoka Kalangalala, pale Geita mjini, anauza wali na samaki kwa wachimbaji, na kwamba amepanda basi kwa sababu ya mama yake, ambaye ni mzee sana, macho hayaoni lakini masikio yanasikia kuliko ya wote nyumbani.

"Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu," alisema. "Wamepewa hadithi yako wajibu maswali. Taja sifa za msaliti. Amezitaja saba, mwalimu, mtoto ana akili. Jioni akawa anajisomea kwa sauti, mama yangu akasema, nini hicho, nisomee na mimi. Akamsomea, anamgeuzia kwa Kisukuma. Kapu. Mavi ya ng'ombe. Mawe yale. Pengo. Mtoto anasoma, hajui kwamba anamsomea mwenyewe."

Nilijua pale pale.

"Mama alisikiliza mpaka mwisho," aliendelea. "Akaniambia, huyo aliyeandika ni wa nyumba ya jirani yangu, nenda ukamwambie anitoe hapo. Watoto hawa wamekulia mikononi mwangu, leo wanakariri ubaya wangu wapate alama. Hilo tu, mwalimu. Yeye ndiye aliyetoa moto. Anataka liandikwe sawa kabla hajafa."

Sasa ningeweza kusema. Nilikuwa na umri wa kutosha, nyumba yangu mwenyewe, na hakuna mwanafunzi aliyekuwa anasikiliza. Badala yake nilisikia ile sauti nzuri ikianza.

"Pole, mama. Lakini unajua, mhusika si mtu. Mwandishi huchota katika jamii, kidogo huku na kidogo kule, halafu anachanganya, na kinachotoka—"

"Huchota."

"Ndiyo."

"Hata kwetu wapo wanaochota. Wanaingia kwenye shimo la mwenzao amekwenda kula, wanachota mawe yake. Tunawapiga."

"Sikumaanisha hivyo. Mapengo yako kwenye vinywa vingi."

"Basi ungempa bibi yako," alisema, bila kupandisha sauti. "Au kwenu meno yote yalikuwa yamekaa?"

Nilisema kwamba nasikitika. Nilisema kwamba hadithi ni ya kubuni na kwamba kufanana kokote ni kwa bahati. Niliisema sentensi hiyo yote, kama ilivyochapishwa mwanzoni mwa kitabu, kwa mwanamke aliyesafiri kutoka Geita. Alinisikiliza hadi mwisho, akasimama, akajifunga kitenge upya.

"Ahsante kwa soda," alisema. "Hiyo nadhani ni ya kweli, maana imeniumiza fizi."

Aliniachia namba ya simu kwenye kipande cha karatasi, chini ya chupa.

Wiki iliyofuata nilikuwa na kipindi cha hadithi hiyo hiyo. Nilifundisha mgogoro kama kawaida, nikachora mishale. Msichana mmoja wa nyuma, mvivu wa kuandika lakini hodari wa kuuliza, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu mwenye pengo anamtaja mwenzake kwa nini?"

"Kwa sababu ni msaliti."

"Ndiyo, lakini kwa nini? Amepewa moto mwezi mzima. Akimtaja, nani atampa tena? Mtu hafanyi hivyo bila kubanwa. Wamembana na nini?"

Nilimwambia kwamba huyo anaitwa mhusika bapa, habadiliki, na kwamba mwandishi huruhusiwa kuwa na wahusika wa namna hiyo. Akaandika. Darasa zima likaandika. Mimi nilibaki na chaki mkononi, nikijua jibu lake. Walimbana na mtoto. Mtoto nilimtoa mimi, kwa sababu alikuwa mama yangu, na kwa kumtoa nilimnyang'anya mwanamke yule sababu yake, ambayo haikuwa hata yake, ilikuwa ya bibi. Nilikuwa nimemvika mtu kosa la mwingine na nikamnyima hata kisingizio kilichokuja nalo. Miaka yote hiyo nilidhani nimefanya kosa la adabu. Kumbe hata hadithi yenyewe ilikuwa mbovu, na msichana asiyependa kuandika alikuwa ameligundua tundu lake katika dakika kumi.

Nakiri kwamba hilo la ubovu liliniuma zaidi.

Mwaka huo mkusanyo ulikuwa unachapishwa upya. Mhariri aliniandikia kuuliza kama nina masahihisho, akitegemea koma mbili tatu. Nilikaa mezani wiki tatu. Nilimrudishia mwenye pengo kapu lake. Bibi nikamrudisha langoni mwake, na mtoto mgongoni, na homa ya mtoto, na nsumba ntale anayeuliza. Nilimfanya amtaje jirani yake, na safari hii alikuwa na sababu kiasi kwamba mimi mwenyewe nililia nikiandika, ingawa sipaswi kuhesabiwa, mimi hulia hata kwenye matangazo ya sabuni. Mwenye pengo nilimwandika vizuri mno. Alikuwa jasiri, alikuwa mkarimu, alisalitiwa na hakulalamika. Nilipomaliza niliona ni kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kuandika, na wazo lililonijia mara moja, kabla hata ya kumfikiria yule mzee, ni kwamba sasa watalazimika kutunga maswali mapya ya mtihani.

Nilipiga ile namba. Nilimwambia binti yake kwamba alikuwa na haki, kwamba aliyetoa moto ni mama yake na aliyemtaja ni bibi yangu, na kwamba nimeandika upya. Akasema, "Basi leta tuone." Hakusema ahsante, nami, kwa jinsi nilivyo, niliitegemea. Nilimkabidhi kondakta wa basi la Geita bahasha, na barua kwa mhariri nikaizuia kwenye meza yangu shuleni. Nilitaka mzee asikie kwanza. Nilijiambia ni heshima. Ukweli ni kwamba nilitaka kusifiwa.

Siku kumi baadaye simu iliita nikiwa katika chumba cha walimu, saa nne asubuhi, nasahihisha.

"Subiri," alisema binti. "Anataka kusema mwenyewe."

Nilisikia simu ikipapaswa, ikisogezwa sikioni. Kisha pumzi.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Sauti ilikuwa nyembamba na kavu. Alizungumza Kisukuma mwanzo mpaka mwisho. Kisukuma changu ni cha kusalimia na kununua viazi, lakini siku ile sikukosa neno. "Wewe ni wa yule mtoto?"

"Ni mama yangu."

"Alikua?"

"Alikua, bibi. Yuko hai. Ana wajukuu."

Nilimsikia akimwambia binti yake kwamba yule mtoto alikua.

"Vizuri," alisema. "Nimesomewa. Kitabu cha kwanza ulinifanya mbaya. Hiki cha pili umenifanya mzuri. Vyote viwili umenifanya mjinga."

"Kwa vipi, bibi?"

"Unasema alinitaja mimi sijui. Nilijua. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilisimama nje ya ua, naokota mavi yangu, nikasema bila kumtazama: watakuja kukuuliza, wakikubana sema ni mimi, mtoto wako atakufa na baridi. Mimi nina mume nyumbani, nina kaka zangu kijijini, nikasema hawataninyima siku nyingi."

"Bibi hakuniambia hivyo."

"Angekuambiaje? Ukisema hilo lazima useme na lililobaki."

Niliuliza kama walimnyima siku nyingi.

"Mpaka mvua. Kaka zangu walipita njia ya mbali. Katika siku hizo mtoto wangu alikufa, wa pili, ameshaanza kutembea. Mume wangu alichimba kaburi peke yake, mimi nimembeba namngoja amalize. Bibi yako alikuwa ameshafunguliwa. Anasalimiwa, moto anao. Alikuwa amesimama pale kwake. Nilimwona na yeye aliniona. Hakuvuka kuja kwangu."

Walimu wenzangu walikuwa wanacheka jambo upande wa pili wa meza. Niligeukia ukuta.

"Angevuka wangemnyima tena," nilisema. Nilikuwa bado namtetea, baada ya yote.

"Wangemnyima."

"Na mtoto angekuwa hatarini tena."

"Ndiyo."

"Na hata hivyo ulitaka avuke?"

"Nilitaka," alisema.

Naona haya kuandika kilichofuata, lakini ndicho kilichotokea. Mkono wangu wa kulia, ambao ulikuwa na kalamu nyekundu, ulikuwa umeshaandika pembeni mwa karatasi ya mwanafunzi: *hakuvuka*. Nikaizungushia duara.

"Bibi, nilikuwa sijui," nilisema. "Nitarekebisha. Hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo, mimi nilidhani iko kwenye moto, na kumbe—"

"Usirekebishe."

"Nitaandika kama ulivyosema, neno kwa neno."

"Wewe husikii? Nimekwambia unitoe. Sikusema unitengeneze. Mara ya kwanza ulinitengeneza, mara ya pili ukanitengeneza, sasa unataka ya tatu na mtoto wangu ndani. Wampe mtoto wa watu maswali ya kaburi lile? Itoe kwenye kitabu chao. Yote."

Niliuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ile nzuri, kama nisiandike kabisa.

"Kuandika ni kazi yako, mimi nitakukatazaje? Andika ya kwako. Na wewe uwe mbaya humo, tuone kama unaweza." Akamwambia mtu pembeni achukue simu, imemchosha sikio.

Binti yake alirudi. "Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Itatoka kitabuni?"

Barua kwa mhariri ilikuwa mbele yangu, pamoja na hadithi bora kuliko zote nilizowahi kuandika.

"Itatoka," nikasema.

"Haya," alisema, akakata.